Si Mutuku Aliyeharibu Kompyuta

Kware, Nairobi
Tarehe 9 Novemba, mwaka wa sita tangu nitoke nyumbani

Kwa Baba yangu,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Goti lako limepoa? Nimesikia mvua imefika na mmeshapanda mbaazi. Mimi ni mzima, ila mgongo. Bado nabeba mawe kwenye haya majengo ya ghorofa, na jioni nikipanda ngazi kwenda chumbani ni kama najibeba mwenyewe.

Baba, ninaandika kwa sababu kwenye simu nikimtaja Mutuku unakata. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Ndugu yangu yuko kwangu tangu ulipomwambia asikanyage boma lako hadi akiri kwamba aliiangusha kompyuta ya dada yetu Mueni. Hasira yako naielewa. Ulimuuza maksai wa kulimia ili binti asome, nayo ikazimika mikononi mwa Mutuku akitazama mpira. Lakini yeye anasema hakuiangusha, na hajabadilisha neno hata siku moja. Vijana wa mjengo walisikia habari hiyo, sasa wanamwita Virusi. "Virusi, usiguse hiyo mashine ya simiti, itakufa!" Anacheka nao. Tukifika chumbani hacheki.

Susu, nyanya yetu, alipofariki nilikuja kumzika peke yangu. Mutuku, ambaye Susu alimlea mgongoni mwake, siku hiyo alikuwa akipandisha kokoto orofa ya tano. Niliporudi alinipikia ugali, akanitazama nikila, yeye hakula.

Basi Mueni aliponitumia kompyuta kwa basi, tuliipeleka sisi wawili mtaani Jericho, kwa fundi mmoja karibu na soko, mama wa kutoka Murang'a anayeitwa Wangari. Alipoiwasha ililia mara tatu, kioo kikabaki cheusi.

"Iliangushwa?" nikauliza, maana nilijua ndilo swali lako.

"Wee, umekuja nikutengenezee ama umekuja kushtaki mtu?"

Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye kona zote, akasema haoni alama ya kuanguka. Akafungua skrubu. Ndani kulikuwa na vipande viwili vyembamba kama biskuti. Alisema hiyo ndiyo memori, ambapo mashine inashikilia kazi inayofanya wakati ule. Masomo ya Mueni yamewekwa kwingine na hayajapotea. Alivisugua meno ya chuma kwa kifutio cha shule, akavirudisha. Ikalia vilevile.

Akatoa kimoja. Kompyuta ikawaka, Baba, na picha ya Mueni ikatokea kwenye kioo. Akakitoa kile kilichobaki ndani, akaweka kile alichokitoa kwanza peke yake. Ikalia. Akakihamishia nafasi ya pili. Ikalia. Mwishowe akakiweka kwenye kompyuta yake mwenyewe ya kazi, nayo ikalia.

"Mnaona? Ugonjwa unakifuata hiki kipande popote kiendapo. Kimekufa."

"Kimeuawa na nini?" Mutuku akauliza.

"Hakuna aliyekiua. Hivi huchoka tu, vingine hutoka kiwandani na kasoro. Mtu akiwa anatazama mpira ama anaandika barua ya kanisa, siku yake ikifika kinaenda."

"Rudia, mama."

Akarudia.

"Rudia tena."

"Kijana, unataka nikuimbie?" Akacheka. Kisha akamwona uso, akaacha kucheka na kumsogezea kiti. Mutuku alilia pale mbele ya wateja, mtu mzima mwenye ndevu. Wangari akazima redio.

Nilidhani tukirudi atakuwa na furaha. Aliniambia, "Kyalo, sasa hata nikisafishwa, Susu amekwenda akidhani nilimwibia Mueni masomo yake." Baba, kama wewe una jibu la hilo, mpe.

Kompyuta imekuja na barua hii. Inafanya kazi kwa kipande kimoja, polepole, lakini Mueni anaweza kurudi chuoni nayo. Asifungue mambo mengi kwa pamoja.

Msalimie Mama, na umwambie dawa ya kifua nimeipata. Msalimie shangazi anayetuchungia mbuzi, na mjomba mpiga ngoma wa kwaya. Mwambie Mueni asijilaumu.

Baba, sijawahi kuona kwetu mzazi akimwomba mtoto msamaha, wala sikuagizi. Mpigie tu mwenyewe, umwambie "njoo." Mjengo unafungwa Desemba, na Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi tutafika. Ukiwa umemwita, tutaingia mlangoni wote wawili. Usipomwita, tutapitia nyuma mpaka kaburini kwa Susu, Mutuku atie udongo wake, kisha tutarudi Nairobi wote wawili.

Mimi mwanao,
Kyalo