Kompyuta Isiyobebeka

Nyumba ya vyumba viwili,
Nyuma ya ghala la mbao.
Tarehe 9, mwezi wa tisa.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokusumbua mwezi uliopita umetulia. Mkaza mjomba hajambo? Na watoto je? Yule mdogo ameshaota meno ya mbele, au bado anapiga mluzi kila akitaja jina lake? Sisi huku tunaendelea. Nikisema hatujambo kabisa nitakuwa nimekudanganya kidogo, lakini hakuna aliyelazwa na hakuna aliyelala njaa, kwa hiyo tunamshukuru Mungu.

Najua unajiuliza, huyu Pilipili ana simu, barua ya nini? Mjomba, nyumba hii unaijua. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakupa pole. Na haya ninayotaka kukuambia, mdogo wangu Kimya hatakiwi kuyasikia. Tena kwenye simu ningelia, wewe ungeanza kunibembeleza, na mazungumzo yangeishia hapo. Ndiyo maana nimemkabidhi barua hii mwalimu wa nyumba ya pili, anayekuja huko kwenye masomo. Ameahidi kukupa mkononi.

Tangu Mama atutoke ni miezi minne sasa. Kila aliyekuja kutupa pole aliniambia nitazoea. Mimi bado. Nyumba imenipwaya, Mjomba, kama gauni la mtu mwingine. Kazi ninayo, sare za shule zimenijaa mpaka mlangoni, wateja nawakimbia njiani. Lakini nikishona, nasikia cherehani moja badala ya mbili. Juzi niliinua shati nikamuuliza Mama kama ukosi umekaa sawa. Nikabaki nimelishikilia hewani kama mjinga.

Habari nyingine ni ndogo ndogo. Paa lilivuja upande wa jikoni, Kimya akapanda akaliziba. Mwenye ghala kaleta mbwa wa pili, naye ni mwoga kuliko wa kwanza, anabwekea hata kivuli chake.

Sasa nije kwenye lililoniketisha. Pesa uliyotuma kwa ajili ya laptopu ya Kimya ilifika yote, na ulisema waziwazi ni ya laptopu, aende nayo chuo kikuu. Umeniuliza mara tatu. Mara ya kwanza nikakuambia bado tunazunguka madukani. Mara ya pili nikasema picha haiendi, mtandao mbaya. Mara ya tatu nikaiona simu inaita, nikaigeuza kifudifudi. Nilikuwa nakuzungusha, Mjomba. Laptopu hakuna. Nilinunua kompyuta ya mezani.

Usikasirike kwanza. Maliza kusoma, halafu ukasirike vizuri.

Kimya, kama unavyojua, amepata nafasi ya kusomea usanifu wa majengo, miaka mitano, safari ya kutwa nzima kwa basi. Huyu mtoto amekuwa akichora nyumba tangu hajaweza kufunga kamba za viatu, tena kwenye karatasi zangu za kukatia nguo. Nimewahi kukata mikono ya shati nikakuta nimepasua ghorofa ya watu. Chuo kinataka athibitishe kabla ya tarehe thelathini mwezi huu. Siku hiyo ikipita, nafasi anapewa mwingine.

Nilikwenda kwa fundi kompyuta peke yangu, futi kamba ingali shingoni, hata sikukumbuka kuivua. Fundi mwenyewe ni mtu mzima, mpole, anapanga skrubu zake kwenye vifuniko vya chupa kulingana na urefu. Nilimpenda hapo hapo. Akanieleza bila haraka. Kwa pesa ile, akasema, laptopu utapata, lakini ya mtumba, na programu za kuchorea majumba zitaifanya ihemee juu juu. Kompyuta ya mezani kwa pesa hiyo hiyo utapata yenye nguvu mara mbili. Tena kikifa kifaa kimoja unabadilisha hicho hicho, na mwizi hawezi kuitia kwapani. Ila ya mezani inataka umeme muda wote, inataka meza yake, na darasani haiendi.

Nikamwambia sasa anichagulie. Akacheka, akasema mashine haichaguliwi hivyo.

"Kwanza niambie," akaniuliza, "huyo mtoto atakaa wapi?"

"Atakaa nyumbani," nikamjibu.

Nikisema sijui jibu lile lilitoka wapi nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo. Nilijua kabisa. Nilijua kwamba kule bwenini watalala wanne chumba kimoja na soketi ni moja. Nilijua kwamba kitu kile hakibebeki kwenye basi. Na fundi wa watu, kwa jibu nililompa, akanishauri vizuri kabisa. Basi chukua ya mezani, akasema, usihangaike. Nikarudi na kasha la mashine, kioo na baobonye ya kuandikia juu ya mkokoteni, nikitembea nyuma yake kama mwenye harusi.

Kimya aliiangalia, akaipapasa, akaniuliza jambo moja tu, ataibebaje. Nikamjia juu. Nikamwambia fundi kasema ya mezani ndiyo yenye nguvu, fundi anajua kuliko sisi, na huko chuoni atatumia za wenzake, akija likizo anachora hapa. Upuuzi mtupu, hata mimi nilikuwa nausikia nikiusema. Akanyamaza. Unajua mwenyewe kwa nini tulimpa jina lile.

Wiki iliyofuata akaanza kusifu chuo cha hapa mjini, kwamba uhasibu nao si mbaya, na anaweza kwenda kwa miguu. Uhasibu, Mjomba! Huyu anayenirudishia chenji pungufu kila nikimtuma dukani. Nami badala ya kumkatiza, nikamuuliza kama masomo yanaanza asubuhi au mchana. Moyo wangu ulitulia siku ile. Nasema ukweli mbele yako na mbele ya Mungu, nilishona nikiimba.

Njia ya mwongo ni fupi, Mama alikuwa hachoki kutuambia, na yangu iliishia kwenye kitambaa. Barabara ya hapa unaijua kwa vumbi, na malori ya mbao yamezidi. Kwa hiyo niliishonea kompyuta nguo. Kioo kina nguo yake, baobonye ina yake, na kasha nililishonea koti zima, lina bitana na marinda chini. Nilipima mara mbili nikakata mara moja, lilikaa sawasawa, huoni hata nafasi ya kupitisha sindano. Kimya alinionya nisifunike wakati inafanya kazi. Nami nikamwambia asinifundishe kazi.

Alhamisi iliyopita alitoka kwenda kuchukua fomu za kile chuo cha hapa. Nikaona kioo ni cheusi, nikajua imezimwa, nikalivisha kasha koti lake na kulivuta mpaka chini. Kumbe kioo ndicho kilicholala, mashine iko macho. Nikaenda kupeleka sare. Niliporudi, chumba kinanuka moto, kasha ukiligusa unaondoa mkono, na halisemi kitu tena. Nikakimbia kwa fundi, kandambili moja imekatika njiani, sikusimama, nikaja naye nyumbani.

Fundi alipoliona lile koti la marinda aliliinua, akaligeuza, akaliangalia ndani na nje. Akasema hata yeye nikimfunga kitambaa puani namna hii atazimika. Akafungua, akapuliza vumbi, akaacha ipoe, akaiwasha. Ikawaka. Nikashusha pumzi. Akaniambia mashine imezimika ghafla kukiwa na kazi iliyokuwa haijahifadhiwa, lakini imeirudisha yenyewe, hebu nihakikishe kama iko sawa. Nami nina miwani ya kushonea tu, nikamwomba anisomee. Akasoma kwa sauti, akidhani ni barua ya kazi.

"Nasikitika kuwajulisha kwamba sitaweza kuichukua nafasi mliyonipa. Mama yetu amefariki na dada yangu hawezi kubaki peke yake."

Akaishia hapo. Aliondoa mkono kwenye kipanya polepole, akaniangalia, akaniuliza kama si mimi niliyemwambia mtoto atakaa nyumbani. Mjomba, nilikaa juu ya rundo la sare za watu, nikalia mbele ya mtu nisiyemjua hata kwao. Nikamweleza yote. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Barua ile haijaenda. Juu yake Kimya ameandika tarehe ishirini na tano. Ameipa siku, Mjomba. Alikuwa anasubiri, labda mpaka wakati huo nitamwambia kitu. Na mimi nilikuwa naimba.

Kuhusu mashine, nimeshapanga na fundi, na sikuombi hata senti. Ya mezani ataichukua. Badala yake atatupa laptopu, nami nitawashonea wanawe watatu sare za mwaka mzima. Si laptopu ya kujivunia. Ilikuwa ya ofisini, ni nzito, betri inakaa saa tatu, na herufi ya M imefutika kwenye baobonye. Ataiongezea memori. Amesema michoro ya kawaida itaiweza, na ile mikubwa Kimya ataimalizia kwenye kompyuta za chuo, kama wanavyofanya wengine wasio na uwezo. Ameiweka kabatini mwake, na amesema hamuuzii mtu mpaka mwezi uishe.

Kwa hiyo kikwazo si kompyuta tena. Kikwazo ni mimi.

Nimejaribu kumwambia mwenyewe. Jumamosi, tunakula, nikamwambia aende chuo kikuu, mimi niko sawa, laptopu ipo, kila kitu kipo. Niliongea vizuri, hata sauti haikutetemeka. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na taa utaanza kuzima lini, Dada?" akaniuliza.

Maana tangu Mama aondoke siwezi kulala giza. Nilidhani hajui. Nikaondoa sahani. Yeye akiniangalia usoni anaona kwamba sitaki aende, na ni kweli, sitaki. Nikimwambia aende mara mia, atasikia abaki mara mia. Kaniona hivyo tangu yuko mgongoni kwangu.

Ndiyo sababu nakuandikia. Wewe ndiye mkubwa wetu aliyebaki, na neno lako hajawahi kulivuka. Mpigie Jumapili hii, saa nane mchana. Mimi nitatoka kupeleka sare, nitahakikisha nimetoka. Mwambie pesa ilikuwa yako, ulisema laptopu na chuo kikuu, na hukusema uhasibu. Mgombeze. Ukimbembeleza atajua kuna kitu. Mwambie aifute ile barua, hapana, hiyo usiitaje, utanifichua. Mwambie tu athibitishe wiki hii hii, na akapitie kwa fundi.

Usimwambie nimekuomba. Na akikuuliza Dada itakuwaje, maana atauliza, mwambie ulishaongea na mimi, na mimi nimefurahi kwa sababu nitapata nafasi ya kuweka meza kubwa ya kukatia chumbani kwake. Sema kama mtu anayecheka. Si kweli, Mjomba, sitaki meza yoyote mle, lakini wewe liseme vizuri hilo, maana ndilo atakaloliamini.

Ukimaliza usinipigie. Nitajua nikirudi.

Nisalimie sana Mkaza mjomba, mwambie kitenge alichoniletea nimekishona na kinanikaa. Wasalimie binamu zangu, mkubwa asome, mdogo aote meno. Bibi wa nyumba ya pili anakusalimu, na fundi wa viatu pale kona bado anakuulizia kila Ijumaa. Mungu akulinde huko uliko, akulinde na baridi na maradhi, akutunzie mkono wako usipungukiwe. Kimya hajakusalimu kwa kuwa hajui kwamba nakuandikia. Angejua, salamu zake ndizo zingekuwa za kwanza.

Ni mimi, wako akupendaye,
Pilipili.