Moyo Utangulie, Mikono Ifuate: Kumbukumbu ya Mwalimu Taratibu

Ni mwaka mmoja sasa, Baba yetu, tangu Mungu akuite, na viatu vyako vya uwanjani bado vimeelekea mlangoni.

Wengi walikuita Mwalimu Taratibu. Kazi yako ilikuwa kufundisha gofu, na ugomvi wako na wanafunzi ulikuwa mmoja tu: mikono. Fimbo ikishafika juu, wao walikimbilia kuivuta chini kwa nguvu zote za mikono.

“Wewe, unapasua kuni au unapiga mpira?”

“Mwalimu, si mikono ndiyo iliyoshika fimbo?”

“Imeshika, haiongozi. Nyonga zigeuke kwanza, mikono ishuke nyuma yake. Ukiitanguliza, mpira unakwenda kwa jirani.”

Siku moja mkeo alikuletea chai uwanjani, akasikia, akacheka. “Hata sala ni hivyo hivyo, Baba Watoto. Moyo utangulie, mikono ifuate.”

“Mnaona?” ukawaambia wanafunzi. “Nimeoa mwalimu mkuu!” Tangu hapo ukafundisha kwa maneno yake.

Ulikuwa mpole. Mtu akiukosa mpira hukumcheka. Ulisema mpira ndio uliosogea.

Mkeo bado analala upande wake wa kitanda, kana kwamba utarudi kuudai wako. Mwaka mzima jioni alipiga magoti na kuinua mikono kama zamani, lakini moyo haukufuata. Hakutuambia hadi wiki hii, aliposimulia yote.

Jumapili iliyopita alitoa fimbo yako nyuma ya mlango, akaenda uani. Miaka yote ulimbembeleza ajaribu, naye akakujibu, “Mimi na fimbo, wapi na wapi!” Akaweka mpira kwenye nyasi. Mara ya kwanza alipasua kuni. Ya pili vilevile. Kisha akachoka kulazimisha. Nyonga zikageuka, mikono ikashuka yenyewe, mpira ukapaa, ukagonga ukuta. Akageuka haraka kukuuliza kama umeona.

Uani hapakuwa na mtu.

Ndipo akalia, fimbo bado mkononi, na katika kile kilio akajikuta anaomba. Kuinua mikono hata hakukumbuka.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako kifungua mimba, mwanao kitinda mimba, dada yako anayekuita “mdogo wangu” hadi leo, wakwe, wajukuu, na wanafunzi wako wanaopasua kuni bila wa kuwakemea.

Hatutakusahau kamwe. Umetangulia, Mwalimu. Sisi tutafuata, taratibu.