Injini ya Baba Mkwe

Oya, uko hewani? Usinicheke kwanza.

Injini ya boti imezama. IMEZAMA! Ile mpya ya baba mkwe, ambayo nilimwambia asipoteze hela kwa fundi wa kuifunga wakati mimi mkwewe nipo.

Na kuifunga niliifunga vizuri, wallahi. Nilikaza skrubu zote mbili kule nyuma ya boti. Kisha nikaona imekaa upande, nikazilegeza ili niinyooshe. Kuzikaza tena nikasahau. Nikasahau kabisa!

Mzee akauliza, "Na kamba ya kuishikilia, hufungi?" Unajua nilimjibu nini? "Baba, hiyo ni ya waoga." Hiyo ni ya waoga! Mdomo wangu huu huu.

Tukatoka mpaka kwenye kina. Nikaongeza moto, injini ikachomoka kama chura, tubwi! Yakabaki mapovu. Mzee akayatazama wee, kisha akachukua kasia. Akapiga kasia mwenyewe mpaka ufukweni. Heri angenitukana.

Sasa sikia. Tumefika nyumbani, mama mkwe akauliza injini iko wapi. Mke wangu yuko pale pale, ananitazama mimi. Kabla sijafungua mdomo mzee akasema, "Nimeizamisha mimi. Nilisahau kukaza skrubu. Uzee huu."

Na mimi nikanyamaza, ndugu yangu. Nikanyamaza!

Mama mkwe bado anamfokea huko sebuleni, tena mzee anaitikia tu, "Ndiyo, mke wangu." Mimi nimejifungia chooni, nakuandikia wewe.