Sifuri ni Maji ya Brashi

4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini unaendelea vizuri, kazini hawakuchoshi, na lile goti ulilojigonga ngazini limeacha kulalamika. Sisi huku wazima, isipokuwa kiuno changu, ambacho sasa kinatabiri mvua kuliko redio.

Kompyuta yako ya zamani imefika. Nimeiweka mezani katikati ya makopo ya rangi, na ndiyo kitu pekee chumbani kisicho na doa. Ila nikiiwasha hainionyeshi picha yoyote. Inafungua dirisha jeusi lenye kijimstari kinachopepesa, kama mtu anayesubiri umjibu. Nimekiandikia "habari". Kimesema hakijui amri hiyo. Nimewahi kuishi na watu wa namna hiyo, lakini sikuwahi kuwachaji umeme.

Mama yako hajambo. Tarehe mosi Aprili anahamia chumba kipya cha kushonea, kina ukuta mweupe wa mbele unaomeremeta, na anataka nimwandikie USHONAJI kwa herufi kubwa. Nimemwambia ngazi yangu imevunjika. Kaazima ngazi. Nimemwambia nasubiri rangi. Kanunua rangi. Sasa anasema nisipoandika kufikia siku hiyo, ataweka bango la plastiki la kuchapwa na mashine. Plastiki, kwa dada wa mchora mabango! Tena siku hizi amekuwa mchoyo: chai ananimiminia nusu kikombe.

Barua hii nimemsomea dada wa duka la fotokopi akaipiga chapa. Amecheka mara tatu, sijui wapi.

Mjomba wako

19 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Goti limepona, ahsante. Kiuno nakipa pole, na ukikiuliza kuhusu wiki ijayo uniambie, nimefua mashuka.

Sehemu ya picha kwenye kompyuta hiyo imekufa, nilisahau kukwambia. Lakini usiitupe. Dirisha jeusi ndilo ninalofanyia kazi kutwa, na lina rangi tele. Andika hivi, bila kukosea nukta:

printf '\033[43m \033[0m'

Utapata tofali moja la njano. Arobaini na tatu ni njano. Arobaini na moja nyekundu, arobaini na mbili kijani, arobaini na nne bluu. Sifuri ya mwisho inafunga rangi. Ukipanga amri kama hizo kwenye faili moja, mstari chini ya mstari, hiyo ndiyo skripti: unaiita mara moja, inachora yote. Nafasi moja ya herufi, tofali moja. Wewe umejenga herufi maisha yako yote, hutashindwa.

Sasa swali. Nina sanduku la barua zako tangu nilipokuwa darasa la pili, zote za mkono, kila herufi imevaa suti. Kwa nini hii ya dada wa fotokopi? Na ngazi ilivunjika lini?

Mpwa wako

6 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini mashuka yalikauka. Kiuno kilisema jua, nikasahau kukutumia taarifa.

Leo nachapa mwenyewe kwa kidole kimoja, nitaipeleka kwenye flashi, dada wa fotokopi aitoe tu bila kusoma. Nina siri.

Ngazi ni nzima. Mkono ndio mbovu. Tangu mwaka jana wa kulia unatetemeka. Daktari amesema si ugonjwa wa kuniua, ni wa kuniudhi tu. Nimejaribu kuvuta mstari wa futi moja, ukatoka kama barabara ya kupanda mlima. Nimeandika mabango ya mji huu miaka thelathini bila rula, nikijisifu kwa kila aliyesimama kutazama. Sasa nimwandikie dada yangu ukuta wa aibu, watu wapite wakiusoma kila siku? Afadhali plastiki. Usimwambie.

Lakini hilo dirisha lako! Siku ya kwanza niliona sifuri ni urembo tu, nikaiacha. Kila nilichoandika baadaye kikaja na njano, hadi jina la kompyuta yenyewe. Nikaizima, nikaifuta kioo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nilipowasha tena ndipo nikaelewa: sifuri ni maji ya kuoshea brashi. Mtu aliyewatukana wanafunzi wake miaka yote kwa brashi chafu, leo kasahau kuosha ya kwake.

Sasa naosha. Nimejenga herufi ya U kwa matofali ya bluu, na S yenye kivuli chekundu iliyonigharimu siku mbili na sahani moja ya chakula kilichopoa. Mkono ukitetemeka, kitufe kinapokea hivyo hivyo. Zimenyooka, mpwa wangu. Sijaona mstari wangu ukinyooka muda mrefu.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole. Nimesoma barua yako nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikapitwa na watu wanne.

Simwambii Mama. Utamwambia wewe. Ila fikiria jambo moja: S ya kwenye kioo ni matofali tu, mengine yamejaa, mengine wazi. Kuna ubaya gani ukutani yakiwa matofali?

Zimebaki wiki mbili. Na usifute tena kioo kwa mafuta ya taa, nakuomba.

Mpwa wako

9 Aprili

Mpwa wangu,

Natumaini hujambo na hujakonda kwa kusubiri. Huku tuna afya, rangi hadi masikioni, na jirani mmoja wa ziada katika hadithi.

Nilikusikiliza. Nikamaliza neno zima kwenye dirisha jeusi, USHONAJI, bluu yenye kivuli chekundu, nikiita skripti mara arobaini kwa siku kulitazama tu. Kisha nikalinakili tofali kwa tofali kwenye daftari la hesabu, lile la miraba. Alama ya X kwenye mraba hata mkono wangu unaiweza. Kwenye daftari herufi zilionekana zimenenepa kidogo. Nikadhani ni furaha yangu.

Nikakata kadibodi, katikati tundu la mraba. Ukiibandika ukutani unapaka ndani ya tundu: mkono ucheze upendavyo, ukingo haujali. Nilijiona nimegundua gurudumu.

Tarehe thelathini nikaenda kwa mama yako na kadibodi yangu, tayari kuungama. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilipofika kwenye "unajua, dada, mkono wangu", akaniwekea chai mbele, nusu kikombe, akasema:

"Mdogo wangu, nakumiminia nusu tangu mwaka jana ili usimwage. Ulidhani nimeishiwa majani?"

Nikanywa.

Ikabidi nimuulize kwa nini basi alinitishia na plastiki. Akasema alikuwa anasubiri kuona nitaishiwa visingizio lini, na kwamba bei ya plastiki hata hajawahi kuiuliza.

Tukaanza. Mimi napaka, yeye ameshika daftari na kunisomea kama mwalimu wa imla: mbili jaza, moja ruka, mbili jaza. Nilipima kimo cha ukuta vizuri, nikagawa mistari vizuri. Upana sikuupima. Kwenye kioo neno lilikuwa limetosha, nami ni mtu wa macho, sitembei na rula. Tukamaliza U. Tukamaliza S. Watu wakaanza kusimama, nikaanza kujisifu. Tulipomaliza O, mama yako akasoma "mbili jaza", nikasogeza kadibodi, na kadibodi ikagonga fremu ya mlango wa kinyozi wa jirani.

Ukuta umekwisha. Neno limefika nusu. USHO.

Mama yako alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilitaka ukuta unimeze, lakini nao ulikuwa umejaa. Kinyozi akatoka na mkasi mkononi, akatazama ukuta wetu, akatazama wake, ambao haujaonja rangi tangu aupange, akauliza zimebaki herufi ngapi. Nne, nikamwambia.

"Malizeni," akasema. "Lakini chini yake mniandike na mimi, nisije nikaletewa suruali nipunguze."

Basi NAJI iko kwake. Chini yake KINYOZI, ndogo, kijani. Na ameletewa suruali mbili tayari. Anazipokea na kuzipitisha mlango wa pili.

Niambie tu: nilikosea wapi?

Mjomba wako

20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimewasomea wenzangu kazini barua yako, na sasa wananiuliza habari za kinyozi kabla ya zangu.

Kosa ni langu. Nafasi ya herufi kwenye dirisha jeusi si mraba. Ni kama mlango, kimo mara mbili ya upana. Ulipoihamishia kwenye miraba, kila herufi ikatanuka mara mbili. Anayetaka mraba huweka nafasi mbili kwa kila tofali. Mimi nilikufundisha moja.

Skripti yako, ile ya kwenye flashi uliyotia ndani ya bahasha, nimeipanga kwenye kompyuta yangu: kila asubuhi nikifungua dirisha, USHONAJI inatokea kabla ya kazi yoyote. Mkuu wangu ameniuliza kama nimepata kazi nyingine.

Nina dai moja. Nataka barua ya mkono. Itoke itakavyotoka.

Mpwa wako

2 Mei

Mpwa wangu,

Ukiona kurasa hizi zina miraba, ni daftari la hesabu, na ukiona ni kama kuku amepita, ni mimi. Herufi moja kwa kila mraba, nikishindwa naingia mraba wa jirani. Nimeshazoea kuingia kwa jirani. Nimeanza saa tatu asubuhi, sasa ni saa saba mchana. Hakuna herufi hata moja yenye suti. M inachechemea. Uwe na huruma nayo.

Fundi wa saa ng'ambo ya barabara anataka jina lake, na mwenye duka la viatu pia. Wanasema wanataka "ile ya matofali"; wanaamini ndiyo mtindo mpya, nami sijawakatisha tamaa. Sasa naweka nafasi mbili. Natembea na rula pia, naificha mkononi mwa shati.

Mama yako anakusalimu. Jana nilishika kikombe kwa mikono miwili, nikamwambia ajaze. Akajaza. Chai ilimwagika kidogo kwenye sahani, nikainywa yote, na ya kwenye sahani pia.

Mkono umechoka. Naweka sifuri hapa.

Mjomba wako