Piano ya Mama Haitoki

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Mimi sijambo, mgongo tu unaniuma, na sababu utaisoma humu humu.

Uliniagiza nimlete fundi aikague piano ya marehemu mama, atuambie hali yake na bei itakayouzika, kwa kuwa eti inakula nafasi sebuleni. Nimemleta. Ni mzee mpole, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alibonyeza vibao vyote themanini na vinane, kimoja kimoja, huku uso ukizidi kumkunjamana. Sauti zilikuwa zimepotoka vibaya. Hata wewe, uliyekuwa ukiyatoroka masomo ya mama kwa kupitia dirishani, ungeziba masikio.

Akafungua kifuniko, akamulika tochi ndani. Akasema ubao wa sauti hauna ufa, na wadudu hawajazila zile nyundo ndogo zinazogonga nyuzi. Kisha akapitisha kidole kwenye misumari inayokazia nyuzi. Yote ilikuwa na kutu, lakini kila mmoja ulikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa. Akaniuliza taratibu ni nani aliyeilegeza.

Nilimjibu, na wewe nakujibu: ni mimi. Siku mbili nzima nimeinama na ule ufunguo wa mama wa kukazia nyuzi, nyuzi zaidi ya mia mbili, ili fundi aseme piano haina bei nawe uache kuitolea macho. Sioni haya hata kidogo! Wewe ulipokuwa mbali, mimi ndiye niliyemshikia mama tochi akiikaza misumari hiyo, na mikono yake ilipochoka nikaikaza mwenyewe.

Fundi alicheka hadi akakaa sakafuni. Akasema anayelegeza nyuzi zote hizo bila kukata hata mmoja anaijua kazi. Jumatatu naanza kazi kwake. Bei ya kweli, ambayo ni nzuri, ameiandika kwenye karatasi niliyoikunjia humu. Nusu ni haki yako, nitakulipa kidogo kidogo kwa mshahara wangu. Lakini piano haitoki.

Ukitaka, njoo na gari la mizigo. Utanikuta nimekaa mbele yake, nyuzi zote nimezikaza upya. Umebaki mmoja tu, ule wa sauti nzito ya mwisho uliyokuwa ukiipiga kwa ngumi kila mama alipotuita kula. Huo utaukaza wewe, nikikushikia tochi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, yuleyule uliyemwita
Kichwangumu