Zamu ya Fiifi

Dzifa, nimeaibika. Usimwambie mtu.

Natoka kwenye mazishi ya baba yake Fiifi, yule kijana wa timu yangu. Nimejifungia garini.

Unaikumbuka programu ya zamu niliyokuwa naisifia kama mama mwenye mtoto wa kwanza? Siku hizi inasoma kalenda zetu. Mitambo ikiharibika, inampigia asiye na shughuli. Aliyeiwasha ni mimi. MIMI.

Timu nzima tuliandika kwenye kalenda: Jumamosi, mazishi. Asiyeandika ni Fiifi peke yake. Nani anajikumbusha kumzika babake?

Basi Fiifi kasimama kando ya jeneza, anasoma wasifu wa marehemu, kipaza sauti mkononi. Simu ikapiga king'ora mfukoni. Na alikuwa ameizima sauti! Ila king'ora hicho nacho ni kipya, hakinyamazi hata ukizima sauti. Hicho nacho nilikisifia.

Halafu ikaongea, Dzifa. "Fiifi, malipo ya wateja yamekwama. Usipojibu, namwita Serwaa."

Angejibuje?

Yangu ikalia, safu ya pili. Umati mzima ukageuka.

Mama yake akauliza, "Serwaa ndiye nani?"

Nikanyoosha kidole kama mtoto wa shule.

Nikaenda kurekebisha malipo hayo nyuma ya maturubai. Narudi, namkuta mshereheshaji anatangaza rambirambi, nani kaleta nini: "Wanakwaya, katoni za maji. Madam Serwaa, bosi wa Fiifi, kelele. Tunamshukuru."

Aliyeanza kupiga makofi ni mjane.