Masahihisho Ambayo Baba Hakuyasoma

Mpendwa Baba,

Nianzie pale ulipoanzia wewe kila asubuhi: ukurasa wa pili, chini pembeni, penye masahihisho. Uliuza magazeti kituo cha Olympic, pale Kibera, miaka mingi. Wateja walikimbilia siasa na mpira, wewe ukatafuta kwanza makosa ya jana. "Gazeti likikubali limekosea, hilo ndio naweza kuuzia mtu," ulikuwa ukisema. Blogu yangu, niliyoiandikia kwenye duka la intaneti, uliiita udaku wa saiba. "Na ukikosea, nani atakushika?" uliniuliza. Nilikucheka, Baba. Nilikuwa na kiburi.

Kisha uchaguzi ukaleta moto. Wewe ulikwama chumbani Silanga, ndani ya Kibera, nami Kawangware, ndani ya saiba nilikofanya kazi, mlango wa chuma umefungwa kwa ndani. Redio zilikatazwa kutangaza moja kwa moja, zikawa zinapiga nyimbo za amani tu. Magazeti hayakufika Kibera. Watu walinitumia meseji, nami nikaziweka kwenye blogu: duka gani limechomwa, wapi bado kuna maji. Hata waandishi wa magazeti walianza kunipigia mimi wakitaka habari. Nikajiona nimekuwa mtu.

Siku ya nne ukapiga simu. "Mwende, hiyo kitu yako inasema aje? Watu hapa wananiuliza habari na sina hata ukurasa moja."

Nikakusomea nilichokuwa nimetoka kuandika: Njia ya Olympic iko wazi. Mtu mmoja tu ndiye aliyeniambia. Wewe ulinifundisha kutafuta mashahidi wawili, nami nikatosheka na mmoja kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza.

"Basi wacha nitoke nichukue magazeti mjini," ukasema. Kwa mara ya kwanza uliniamini.

Wapita njia walikurudisha kwa mkokoteni, goti limevunjwa kwa rungu pale njia ilipofungwa. Majirani walipouliza nani alikudanganya, ukajibu, "Ni hizi miguu zangu tu, hazijui kukaa." Kikulacho ki nguoni mwako, nawe ulikijua kwa jina, hukukitaja. Ulichechemea hivyo hadi tulipokuzika Machakos. Hatukuwahi kulizungumzia, na sasa sina wa kuzungumza naye.

Leo wateja wako wanasoma kwenye simu, na magazeti yenyewe huokota habari humo humo. Ungesema nimeshinda. Lakini gazeti lako la jana lilifungiwa nyama, likaisha. Maneno yangu yapo hadi leo. Neno la siri la ile blogu nililisahau, na wenye mtandao niliowaandikia wanifungulie hawajanijibu. Siwezi kuyafuta wala kuyarekebisha. Mara nyingine nayatafuta makusudi nikiomba yawe yamepotea, na nayakuta palepale. Nachoka, Baba. Naona kama sijawahi kutoka ndani ya ile saiba.

Kwa hiyo naandika hapa, mahali pengine, kwa jina langu. Ukurasa wako wa pili ndio huu.

Masahihisho: Tuliandika kwamba njia ya Olympic iko wazi. Haikuwa wazi. Mwandishi hakumuuliza mtu wa pili. Aliyeumia ni baba yake.

Pumzika, Baba. Usiamke kufuata magazeti.

Binti yako,
Mwende